Dawa za sonona kwa mtoto mwenye usonji: kidonge hiki ni cha nani?



Ndugu msomaji, katika daftari la mihtasari ya kamati ya msikiti wetu hapa Chiungutwa upo mstari mmoja ulioandikwa kwa mkono wangu, nao kwa miezi kadhaa sasa umekuwa ukinikosesha raha. Unasema: "Zimetolewa Sh 30,000 kutoka mfuko wa sadaka kumsaidia mama wa mtoto msumbufu, kwa ajili ya dawa ya kumtuliza." Kikao kilipitisha jambo hilo bila ya mjadala. Hakuna aliyeuliza dawa hiyo inaitwaje, nani kaiandika, wala mtoto huyo anaumwa nini. Mimi katibu, niliyekaa chuoni miaka kadhaa nikisomeshwa milango ya amana na dhamana, niliandika, nikagonga muhuri, tukafunga kwa dua na kila mmoja akaenda kwake.

Mtoto mwenyewe ana miaka minane. Maneno yake hayazidi matatu, nayo huyarudia kutwa nzima kwa sauti ile ile. Hutembea kwa ncha za vidole. Ukimpa kizibo cha soda atakizungusha sakafuni saa nzima akikitazama kwa utulivu ambao wengi wetu hatuupati hata katika sala. Lakini ikipita pikipiki iliyotobolewa bomba, au mashine ya kupulizia salfa ikianza kunguruma kwenye mikorosho ya jirani, huziba masikio, hupiga kelele na kujigonga kichwa ukutani. Nyumba yao iko hatua chache kutoka msikitini. Katika Ramadhani iliyopita alizoea kuingia wakati wa tarawehe, akapita kati ya safu akivumisha sauti puani kama nyuki. Wazee wakalalamika. Ndipo likazaliwa lile neno "dawa ya kumtuliza".

Baada ya Idd, mjomba wake mtoto, ambaye kwa desturi yetu watu wa kusini ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, alikwenda mjini na zile fedha. Alirudi na vidonge katika bahasha ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino "1x1 usiku". Aliuziwa dukani, baada ya kumweleza muuzaji kwamba mtoto hatulii. Simlaumu mjomba. Alifanya kile ambacho mtu mwenye mapenzi na asiye na maelezo hukifanya.

Wiki ya tatu, baada ya Maghribi, mama alikuja barazani kwangu. Akasema, "Shekhe katibu, mtoto ametulia. Lakini si yeye." Nikamwomba anifafanulie. Mtoto alikuwa analala mpaka adhuhuri. Akiamka anatafuta maji, anakunywa, anatafuta tena. Siku ya nne ilikuwa hajapata choo, akashika tumbo na kulia bila ya machozi. Kizibo cha soda alikuwa hakigusi tena.

Nilimpigia simu tabibu mmoja niliyesoma naye. Akataka nimsomee maandishi yaliyokuwa nyuma ya karatasi ya vidonge. Nikasoma: amitriptilini, miligramu 25. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ni dawa ya sonona ya watu wazima, Ustadh. Nani kampa mtoto?" Sikuwa na jibu, isipokuwa lile lililokuwa katika daftari langu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza na kusoma. Mimi si daktari, na ninayoyaandika hapa nimeyapima kwa wenye elimu yake kabla ya kuyaleta katika ukurasa huu.

Tuanze na ugonjwa ambao dawa ile ilitengenezewa. Sonona ni ile huzuni nzito isiyoondoka, inayomnyima mtu usingizi, hamu ya kula, nguvu za kufanya kazi na matumaini ya kesho. Dawa zake ziko za makundi mbalimbali. Lipo kundi la zamani, ambamo amitriptilini iliingia sokoni Marekani mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru wa Tanganyika. Na lipo kundi jipya zaidi, ambalo maarufu wake ni fluoksetini, iliyoruhusiwa Marekani mwishoni mwa 1987, pamoja na ndugu zake kama sitalopramu na setralini. Kundi hili jipya hufanya kazi kwa kuzuia kemikali ya ubongo iitwayo serotonini isirudishwe haraka ilikotoka, ili ibaki kwa wingi zaidi kati ya seli na seli. Kwa mtu mzima mwenye sonona ya kweli, dawa hizi zimeokoa maisha, nami sitaki msomaji yeyote aondoke katika safu hii akidhani kwamba nazikashifu.

Usonji ni jambo jingine kabisa. Daktari Leo Kanner, wa Baltimore huko Marekani, aliueleza mwaka 1943 kwa kuwataja watoto 11 aliowachunguza: watoto waliojitenga na watu, waliopenda mambo yasibadilike, na ambao lugha yao ilichelewa au ilikuja kwa njia yake yenyewe. Mtoto huzaliwa akiwa na ubongo uliojengeka kwa namna tofauti, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na urithi. Hauambukizi, wala hautokani na malezi. Kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya na Marekani waliwatupia lawama akina mama, wakidai kwamba ubaridi wa mapenzi yao ndio uliowafanya watoto wajifungie. Hao hawakuwa na jini la kulisingizia, basi wakamsingizia mama. Sisi tunalo jini, na bado mama tunamlaumu.

Nasema hivyo nikiwa na ushahidi wa karibu. Huko Kilifi na Mombasa, katika pwani ya Kenya, Joseph Gona na watafiti wenzake walizungumza na wazazi, walimu na wahudumu wa afya kuhusu usonji, wakachapisha matokeo yao mwaka 2015. Waliohojiwa walikuwamo Waislamu, Wakristo na wafuasi wa mila. Wote kwa pamoja walitaja pepo wabaya, uchawi na laana, na papo hapo wakataja maambukizi, matatizo ya uzazi na urithi. Tiba zilizotajwa zilikuwa za waganga, za maombi na za hospitalini. Ukiyahamisha mazungumzo yale ukayaleta Masasi au Newala, ukabadilisha Kigiriama ukaweka Kimakua na Kimakonde, hutaona tofauti kubwa. Na hapa kwetu kuna jambo la kuangaliwa zaidi: watafiti waliowachunguza watoto 20 nchini Tanzania, na kuchapisha kazi yao mwaka 2006, waliona kwamba kwa baadhi yao dalili zilijitokeza baada ya maradhi makali, hususan malaria. Mtoto aliyekuwa anasema kisha akanyamaza baada ya degedege anahitaji kupimwa. Kumzungusha kwa waganga miaka miwili ni kumpotezea muda ambao hautarudi.

Sasa, kwa nini dawa ya sonona ifikiriwe kwa mtoto ambaye hana sonona? Hapa lazima tuwe waadilifu kwa madaktari, kwani hawakuokota fikra hiyo njiani. Mwaka 1961 watafiti wawili wa Marekani, Schain na Freedman, walipima damu ya watoto wenye usonji wakakuta kwamba baadhi yao wana serotonini nyingi kupita kawaida. Jambo hilo limethibitishwa mara nyingi baadaye, kiasi kwamba inasemwa ni kati ya robo na theluthi ya wenye usonji. Pili, kule kurudiarudia jambo moja, kuzungusha kizibo, kupanga vitu mstari mmoja, kunafanana kwa nje na maradhi ya wasiwasi yanayomlazimisha mtu anawe mikono mara 40, na wasiwasi ule hutulizwa na dawa za kundi hili jipya. Basi wakasema: huenda na huyu zitamfaa. Ilikuwa dhana yenye mantiki. Huko Marekani dawa hizi zikaanza kuandikwa kwa maelfu ya watoto wenye usonji kabla ya dhana yenyewe kupimwa sawasawa.

Ilipopimwa, majibu yalikuwa haya. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoongozwa na Daktari Bryan King katika vituo sita vya Marekani. Watoto 149 wenye usonji, wa miaka 5 hadi 17, waligawanywa kwa kura. Nusu yao walipewa sitalopramu, na nusu nyingine walipewa dawa ya kufanana nayo kwa sura lakini isiyo na kitu ndani. Mzazi hakujua mwanawe yuko upande gani, na daktari anayemtazama hakujua. Baada ya wiki 12, waliohesabiwa kuwa wamepata nafuu kwa upande wa dawa walikuwa takribani 33 katika kila 100. Kwa upande wa dawa isiyo na kitu walikuwa 34.

Naomba usome tena tarakimu hizo, kwani ndani yake mna somo ambalo naona linatuhusu zaidi sisi kuliko Wamarekani. Theluthi ya watoto waliopewa kidonge kitupu walionekana kuwa na nafuu! Hawakudanganya wazazi wale. Mtoto mwenye usonji ana wiki nzuri na wiki mbaya, na mzazi humpeleka kutibiwa katika wiki mbaya. Inayofuata ikiwa njema, aliyempa kitu cha mwisho ndiye anayepokea shukrani. Tena mzazi mwenye matumaini humtazama mwanawe kwa jicho jipya, humsemesha kwa upole zaidi, naye mtoto huuhisi upole huo. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Wa kwangu alipewa kidonge hiki akatulia," au akikuambia, "Wa kwangu alinyweshwa kombe la fulani akafunguka ulimi," usimwite mwongo, lakini ikumbuke ile theluthi. Kisomo cha Qur'ani kwa mgonjwa ni ibada na rehema, nami ni msomaji wake. Anayekiuza kwa bei ya mbuzi, na kuahidi kwamba mtoto atasema kabla ya mwezi kuandama, huyo anaila ile theluthi ya wenye bahati na kuwaficha waliobaki.

Na kidonge chenye dawa hakikuwa bure. Katika jaribio lile, watoto waliopewa sitalopramu ndio waliozidi kwa kukosa usingizi, kuhangaika, kukurupuka bila ya kufikiri, kuharisha, na hata kuzidisha kule kurudiarudia ambako ndiko kulikokusudiwa kupunguzwa. Yaani mzazi anatafuta utulivu, anapewa mtoto asiyelala.

Baadaye jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio yote ya jambo moja na kuyapima kwa pamoja, liliangalia majaribio tisa yenye washiriki 320. Katika toleo lake la 2013 likasema kwamba kwa watoto hakuna ushahidi wa faida ya dawa za kundi hili katika kutibu usonji, na kwamba dalili za madhara zimeanza kuonekana. Mwaka huo huo Uingereza, kupitia taasisi yake ya miongozo ya tiba iitwayo NICE, iliwaagiza madaktari wasitumie dawa za sonona kutibu dalili za msingi za usonji kwa watoto. Mwaka 2019 watafiti wa Australia walileta jaribio jingine la fluoksetini kwa vijana 146. Mwanzoni ilionekana kwamba imepunguza kidogo kule kurudiarudia, lakini hesabu ziliporekebishwa kwa kuzingatia tofauti walizokuwa nazo watoto tangu mwanzo, tofauti ile haikusimama. Hizo ndizo dawa mpya, zilizochunguzwa zaidi. Kuhusu amitriptilini na wenzake wa zamani, majaribio kwa watoto wenye usonji ni machache na madogo, na mwenye kuiuza kwa ajili hiyo hana cha kushika mkononi.

Hatari ya kundi la zamani nayo ni nzito zaidi. Amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo, huzuia mkojo, huleta usingizi mzito. Ikizidi kipimo huuvuruga mwendo wa moyo, na kwa mtoto mdogo kiasi kinachoweza kuua si kikubwa. Vidonge hivyo mara nyingi hukaa juu ya kabati, au chini ya mto wa bibi anayevitumia kwa maumivu ya mishipa. Tena hushusha kinga ya ubongo dhidi ya kifafa, na watoto wenye usonji wana kifafa kwa wingi kuliko watoto wengine. Hebu mfikirie sasa mtoto asiyesema. Mimi nikikauka mdomo nitasema nina kiu, na tumbo likiniuma nitamwambia mke wangu. Yeye atalia, atajigonga, nasi tutasema: ugonjwa umezidi, ongeza kidonge.

Lipo na onyo la mwaka 2004, ambalo mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru lichapishwe ndani ya fremu nyeusi katika maelezo ya dawa zote za sonona. Walipokusanya majaribio ya watoto na vijana waliona kwamba fikra au vitendo vya kutaka kujidhuru vilitokea kwa wastani wa 4 katika kila 100 waliotumia dawa, na 2 katika kila 100 waliotumia isiyo na kitu. Hakuna aliyekufa katika majaribio hayo. Lakini onyo linabaki, na maana yake kwetu ni kwamba kijana anayeanzishwa dawa hizi ni wa kuonwa na daktari mara kwa mara, hasa wiki za mwanzo. Kupewa bahasha na kuambiwa "1x1 usiku" si tiba.

Nimetaja kijana kwa makusudi. Mwenye usonji naye anaweza kupata sonona, kama mtu yeyote, na hofu kali huwapata wengi wao. Binti wa miaka 15 mwenye usonji, aliyekuwa anasoma vizuri, kisha akaacha kula, akaacha kulala na kusema kwamba hataki kuishi, huyo ana ugonjwa wa pili unaostahili kutibiwa. Daktari bingwa akiona kwamba dawa inafaa, anayo haki ya kuiandika, naye binti anayo haki ya kuipata. Hapo kinachotibiwa ni sonona, na usonji unabaki ulivyo. Zipo pia dawa za aina nyingine, risperidoni na aripiprazoli, ambazo Marekani iliziruhusu mwaka 2006 na 2009 kwa watoto wenye usonji wenye hasira kali za kujiumiza na kuumiza wengine. Nazo zina gharama yake mwilini, ukiwamo unene wa haraka, na hazigusi usonji wenyewe. Dawa ya kuuondoa usonji haipo, na anayesema anayo akuonyeshe majaribio yake.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kutafuta tiba, na akatufundisha pia kwamba anayejitia utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu anabeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Hadithi hiyo imo katika Sunan Abi Daud. Nilipoisoma chuoni nilidhani inamhusu mganga wa kienyeji. Sasa nauliza kama haimhusu pia muuza duka anayetoa dawa ya cheti bila ya cheti, na kamati inayotoa fedha za kuinunua.

Turudi kwa mtoto wetu. Tabibu yule alitukataza jambo moja kwa ukali: tusikatishe ghafla, bali tumpeleke hospitali. Hilo nalisisitiza kwa kila mzazi ambaye, baada ya kusoma safu hii, atakwenda kufungua kabati. Ikiwa mwanao anatumia dawa ya aina hii, usiitupe leo usiku. Nenda kwa aliyeiandika, au kwa daktari mwingine, umuulize: inatibu nini hasa, tutajuaje kwamba inafanya kazi, na lini tutaiacha? Mwenye elimu hatakasirika kwa maswali hayo. Sisi wa huku, mlango wa kwanza ni hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, au Ndanda, au Ligula kule Mtwara. Muulizie mhudumu wa afya ya akili kwa jina la kazi yake, usiseme tu "mtoto anasumbua". Safari ya Muhimbili ni zaidi ya kilomita 500, si ya kuanza nayo, ingawa wengine itawabidi.

Mtoto alipunguziwa kidonge kidogo kidogo mpaka akaachishwa, tumbo likafunguka, na siku moja mama akaniletea habari, kwa furaha ambayo mtu wa nje asingeielewa, kwamba amerudia kizibo chake. Lakini kilichonigusa zaidi ni jambo ambalo sikulitegemea. Daktari, baada ya kumaliza na mtoto, alimgeukia mama akamuuliza, "Na wewe, unalala?" Mama yule, ambaye sijawahi kumwona akilia katika kadhia hii yote, alilia mpaka muuguzi akafunga mlango. Alikuwa hajalala usingizi kamili kwa miaka. Mumewe alikwishaondoka zamani, akisema kwamba ukoo wake hauna watoto wa namna hiyo. Msibani hakai karibu na wenzake, kwa kuogopa mtoto atafanya nini. Kuna asubuhi, alisema, ambazo hakuona sababu ya kufungua mlango. Mwenye sonona alikuwa yeye. Sasa anatibiwa, kwa mazungumzo na kwa dawa, tena dawa ya lile kundi ambalo mjomba alilitafutia mtoto. Ameniruhusu kuyaandika haya bila ya kutaja jina, akasema, "Waambie akina mama wenzangu wasione haya."

Kwa upande wa mtoto, yaliyosaidia ni mambo madogo yanayochosha. Mama alifundishwa kumsemesha kwa maneno machache, kumwonyesha kitu kabla ya kukitaja, kumwandaa kabla ya kubadilisha jambo, na kuandika saa na mahali anapopandwa na hasira ili ijulikane nini kilitangulia. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya namna hiyo kwa walezi, yaliyojaribiwa katika nchi kadhaa zikiwamo Ethiopia na Kenya, na hayahitaji bingwa kuyafundisha. Ile kumbukumbu ya saa ndiyo iliyotufunga midomo. Hasira zake nyingi zilikuja mara tano kwa siku. Kati ya vipaza sauti vinne vya msikiti wetu, kimoja kilikuwa kimeelekezwa moja kwa moja kwenye paa la chumba chake.

Suala hilo lilipofika kikaoni, mzee wetu mmoja ninayemheshimu sana alisema, "Yaani tuipinde adhana kwa ajili ya mtoto mmoja?" Imamu hakubishana naye. Alikumbusha tu kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia katika sala akitaka kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kujua uchungu wa mama yake. Basi fundi alipanda, akakigeuza kipaza sauti kuelekea barabarani. Adhana inasikika kama zamani. Mtoto bado huziba masikio, ila hajigongi tena kila alfajiri. Ijumaa hukaa na mjomba wake karibu na mlango, kizibo mkononi, na ile sauti yake ya nyuki bado ipo. Wageni hugeuka kumtazama. Sisi wenyeji tumeizoea.

Kikao kilichopita kulikuwa na pendekezo la kuufuta ule mstari wa Sh 30,000 ili usitutie aibu kwa wakaguzi. Niliomba ubaki. Chini yake nikaandika mwingine: nauli ya mama na mtoto kwenda kliniki, kila mwezi, mpaka kamati itakapoamua vinginevyo. Yule mzee aliyekuwa na neno juu ya kipaza sauti akainua mkono, akauliza kwa nini nauli ya mjomba haimo.